Nimpake mama dawa gani kwenye kidonda cha kitandani?

Swali la msomaji: "Mama yangu ana umri wa miaka 71. Alipata kiharusi, upande wa kulia umepooza, na kwa wiki tano sasa hawezi kujigeuza kitandani. Wiki mbili zilizopita niliona ngozi ya juu ya kifandugu imekuwa nyeusi kuliko kawaida na ni ya moto. Jamaa walinishauri nimsugue kwa spiriti na nimlaze juu ya mpira wa duara. Sasa ngozi imefunguka, kidonda kina ukubwa wa sarafu na ndani kuna utando wa njano. Kisigino cha kulia nacho kina gamba jeusi, kavu. Nimpake dawa gani apone haraka? Na ni kweli kwamba lazima nimgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku? Tunaomuuguza ni mimi na kaka yangu tu."

Jibu:

Dada, pole kwa kuuguza, na ahsante kwa kueleza hali ya mama kwa kina, maana maelezo hayo yananiwezesha kusema mambo ambayo nisingeweza kuyasema kwa swali la jumla. Naanza na dawa, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza kwanza. Hakuna dawa ya kupaka, iwe ya dukani au ya hospitali, inayoweza kuponya kidonda cha mgandamizo ikiwa mgonjwa bado anakilalia. Kidonda hiki hakikuletwa na vijidudu. Kimeletwa na uzito wa mwili wake mwenyewe uliokandamiza sehemu moja kwa muda mrefu mno, na tiba yake ya kwanza ni kuuondoa uzito huo mahali hapo. Mengine yote nitakayoyaeleza, kuanzia usafishaji hadi chakula, yana manufaa baada ya hilo kufanyika.

Ngozi na misuli hulishwa na mishipa ya damu iliyo midogo sana, yenye kuta laini. Mwaka 1930 mtafiti Eugene Landis alipima shinikizo la damu ndani ya mishipa hiyo kwenye vidole vya watu wenye afya, akapata wastani wa takriban milimita 32 za zebaki upande ambao damu huingilia. Mtu anapolala chali kwenye godoro la kawaida, mgandamizo kati ya kifandugu na godoro huweza kupita kiwango hicho kwa mbali. Namba hiyo si mpaka mkali, kwa kuwa miili hutofautiana, lakini inaonyesha jinsi nguvu inayotosha kuzuia damu ilivyo ndogo. Mtu mzima wa afya hapati vidonda usiku kwa sababu usumbufu mdogo tu humfanya ajigeuze hata akiwa usingizini. Kiharusi kimemnyima mama vitu viwili kwa mpigo: hisia ya kumwambia kwamba sehemu fulani imechoka, na nguvu ya kuihamisha. Muda nao una uzito sawa na nguvu. Majaribio ya Michael Kosiak kwa wanyama, yaliyochapishwa mwaka 1959, yalionyesha kwamba mgandamizo mdogo uliodumu kwa saa nyingi huleta madhara sawa na mgandamizo mkubwa wa muda mfupi.

Jambo ambalo wauguzaji wengi hawaambiwi ni kwamba uharibifu huu mara nyingi huanzia ndani. Mgandamizo huwa mkali zaidi pale nyama inapobanwa dhidi ya mfupa, na msuli huvumilia ukosefu wa damu kwa muda mfupi kuliko ngozi. Kwa hiyo eneo lililokufa huwa na umbo la faneli iliyopinduliwa: mdomo mpana umekaa juu ya mfupa, na ncha nyembamba ndiyo inayojitokeza kwenye ngozi. Weusi na joto ulivyoviona wiki mbili zilizopita havikuwa mwanzo wa tatizo, bali ishara ya kwanza kufika juu. Ndiyo maana pia kidonda cha ukubwa wa sarafu kinaweza kuwa na shimo pana chini yake, na ndiyo maana sitakubali kukuambia kwa maandishi peke yake kwamba ni kidogo.

Vidonda hivi hupangwa kwa madaraja manne. Daraja la kwanza ni ngozi nzima iliyobadilika rangi na ambayo rangi hiyo haipotei unapoibonyeza. La pili ni kidonda cha juu, kilichochubuka au chenye lengelenge, na chini yake ni pekundu na safi. La tatu limepenya ngozi yote hadi kwenye mafuta, na la nne limefika kwenye msuli, kano au mfupa. Utando wa njano unaouona ni nyama iliyokufa, na kidonda chenye utando huo hakiwezi kuwa cha daraja la pili. Ama kimeshafika la tatu au zaidi, ama utando umefunika sehemu kubwa kiasi kwamba kina chake hakijulikani hadi uondolewe. Kwa sababu hiyo, mama anahitaji kuonwa na muuguzi wa vidonda au daktari ndani ya siku chache zijazo, hata kama anaonekana mtulivu na hana homa.

Kuhusu kumgeuza, jibu langu ni ndiyo, hata usiku, ingawa saa mbili si amri isiyobadilika. Desturi hiyo ilipata nguvu kupitia kazi ya daktari Ludwig Guttmann, ambaye kuanzia mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, aliwageuza wagonjwa waliovunjika uti wa mgongo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wakati ambapo wengi wa wagonjwa kama hao walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Utafiti wa baadaye umelegeza kidogo msimamo huo. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani na Kanada, na kuchapishwa mwaka 2013, haukuona tofauti ya maana kati ya kugeuza kila saa mbili, tatu au nne. Hata hivyo, wazee hao wote walikuwa wamelala kwenye magodoro ya sifongo nzito ya kitabibu na hawakuwa na vidonda tangu mwanzo. Mama yako hana sifa ya pili, na sijui kama ana ya kwanza.

Kwa hali hiyo, ningeanza na kumgeuza kila baada ya saa mbili mchana na kila baada ya saa tatu usiku, halafu ningeiachia ngozi iamue. Kila unapomgeuza, angalia sehemu aliyokuwa ameilalia. Ikiwa imebadilika rangi na badiliko hilo linatoweka ndani ya nusu saa, muda uliompa unavumilika. Ikiwa halijatoweka, upunguze. Ninyi wawili mnaweza kugawana usiku kwa namna ambayo kila mmoja anapata saa tano au sita za usingizi mfululizo: mmoja amgeuze saa tatu na saa sita usiku kisha alale, mwingine aamke saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri. Bandikeni karatasi ukutani yenye saa na upande aliolazwa. Naisisitiza karatasi hiyo kwa sababu, mahali wanapouguza watu wawili, kila mmoja hudhani mwenzake ameshafanya.

Namna ya kumlaza ina umuhimu kuliko saa zenyewe. Kumlaza ubavu kamili, kama watu wengi wanavyofanya, huhamishia uzito wote kwenye mfupa wa nyonga, ambao hauna nyama ya kutosha kuukinga. Kinachofaa ni kumwinamisha kwa takriban digrii 30 tu: mlaze chali, mwinue upande mmoja kidogo, kisha ingiza mto nyuma ya mgongo na mwingine chini ya paja, ili alalie nyama ya tako na si kifandugu wala nyonga. Baada ya kuweka mito, pitisha kiganja chako chini ya kifandugu. Kikipita kwa urahisi, sehemu hiyo iko huru. Kikibanwa, anza upya. Kwa kuwa kidonda kiko hapo, kulala chali kabisa kusiwe sehemu ya mzunguko wake. Abadilishwe kati ya mwinamo wa kushoto na wa kulia, na upande wa kulia uliopooza upewe muda mfupi zaidi, kwa kuwa hataweza kukuambia kwamba unauma. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega lisilo na nguvu huteguka kwa urahisi. Tumia shuka lililokunjwa mara mbili chini ya mwili wake, ninyi wawili mkilishika kila mmoja upande wake, mmwinue na kumhamisha bila kumburuta.

Kuburuta kunanipeleka kwenye chanzo cha pili, ambacho hudharauliwa. Mgonjwa anayeegemezwa kitandani hutelezea chini polepole. Ngozi hubaki imenata kwenye shuka huku mfupa ukisogea, na mishipa ya damu iliyo katikati huvutwa, hupindika na hata kukatika. Mvuto huo pamoja na mgandamizo huharibu haraka kuliko mgandamizo peke yake. Kanuni ni kwamba kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya digrii 30. Hapa mgonjwa wa kiharusi ana ugumu wake, kwa kuwa akilishwa akiwa amelala chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, na nimonia itakayofuata inaweza kumwua kabla ya kidonda. Basi wakati wa kula akae wima kadiri awezavyo, abaki hivyo kwa takriban nusu saa baada ya kumaliza, kisha ashushwe. Kabla ya kumwinua, kunja magoti yake kwanza na uweke mto chini ya mapaja, ndipo uinue kichwa. Ukifanya kinyume chake atateleza tu. Mwulize daktari pia kama uwezo wake wa kumeza umepimwa.

Kisigino kina hesabu yake. Gamba jeusi, kavu, gumu, lililoshika imara, lisilo na wekundu, uvimbe wala majimaji pembeni, halibanduliwi wala halilowanishwi. Linafanya kazi ya kifuniko, na ukilifungua kwenye mguu wenye damu kidogo unaweza kufungulia maambukizi njia ya kufika kwenye mfupa. Liache kavu, mtaalamu achunguze mapigo ya damu ya mguu huo, na kisigino kisiguse kitu chochote. Weka mto kwa urefu chini ya shavu la mguu, kuanzia karibu na goti hadi juu kidogo ya kifundo, goti likiwa limekunjika kidogo, ili kisigino kining'inie hewani. Mto ukikaa chini ya kano ya nyuma ya kifundo, utakuwa umehamisha tatizo sentimita chache tu. Siku gamba hilo litakapolainika, kutoa majimaji au kunuka, shauri hili linabadilika na anatakiwa kuonwa siku hiyohiyo.

Mpira wa duara utoe leo. Unaacha shimo katikati, ni kweli, lakini unaukusanya uzito kwenye ukingo wake na kuikandamiza mishipa inayopeleka damu kwenye kidonda chenyewe, kiasi kwamba sehemu unayotaka ipone huvimba na kukosa hewa ya oksijeni. Kusugua nako kukome. Kusugua ngozi iliyobadilika rangi hupasua mishipa iliyokwisha kudhoofika na kuponda nyama iliyo juu ya mfupa, na spiriti huikausha ngozi hadi ipasuke. Najua ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na kwa miaka mingi ulifundishwa hata kwa wauguzi, kwa hiyo usijilaumu kwa kuufuata. Glovu zilizojazwa maji na kuwekwa chini ya visigino ziingie kwenye kundi hilohilo la vitu vya kuachwa.

Mkague mwili mzima angalau mara moja kwa siku, ikiwezekana wakati wa kumwogesha: kisogo, masikio, makombe ya mabega, viwiko, nyonga, upande wa ndani wa magoti, vifundo na visigino. Usisahau mahali ambapo kifaa hugusa ngozi, kama mpira wa mkojo chini ya paja au mpira wa kulishia puani. Maelezo mengi kuhusu vidonda hivi husema "tafuta wekundu", nayo yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na kule kugeuka nyeupe kunakotarajiwa ukibonyeza kidole huenda kusionekane kabisa, ndiyo maana daraja la kwanza hupita bila kutambuliwa na familia hushtukia kidonda kimekwisha kufunguka. Tafuta badala yake sehemu iliyo nyeusi zaidi au yenye rangi ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, tena kwenye mwanga wa mchana. Kisha tumia mkono: mgongo wa kiganja hutambua joto au ubaridi usio wa kawaida, na vidole hutambua ugumu au ulaini wa kubonyea kama kuna maji chini. Linganisha daima na upande wa pili wa mwili. Wewe uliuona weusi na joto mapema, na hilo si jambo dogo. Kilichokosekana ni mtu wa kukuambia wakati ule kwamba uzito uondolewe hapo mara moja.

Unyevu nao huilainisha ngozi hadi ichubuke kwa urahisi. Mama akijisaidia, safisha mapema kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na harufu kali, kausha kwa kugusagusa na si kwa kufuta, kisha paka tabaka jembamba la mafuta mazito ya mgando (kama vaselini) au krimu yenye zinki kwenye ngozi nzima inayozunguka, si ndani ya kidonda. Poda haifai, kwa kuwa huganda na kukwaruza. Shuka za mpira, nepi mbili na mablanketi yaliyokunjwa chini yake vipunguzwe pia, kwa sababu kila tabaka linaloongezwa hupunguza kazi ya godoro. Na kama mtapata godoro la hewa linalojaa na kupungua kwa zamu, ni msaada mkubwa, ila haliondoi haja ya kumgeuza. Ingiza mkono chini ya godoro hilo mahali kilipo kifandugu, kiganja kikiangalia juu. Ikiwa kati ya mkono wako na mwili wake kuna unene unaopungua sentimita mbili na nusu, godoro limezama na mama amelalia chaga. Godoro la sifongo lililobonyea na kubaki na shimo halina kazi tena.

Sasa kidonda chenyewe. Nusu saa hadi saa moja kabla ya kukisafisha mpe dawa ya maumivu aliyoruhusiwa, kisha muangalie usoni wakati wa kazi, hasa kama kiharusi kimegusa usemi wake. Nawa mikono, vaa glovu safi, ondoa bandeji ya zamani kwa kuilowesha kwanza kama imeganda. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali au kwa maji safi ya kunywa. Ukitaka kutengeneza nyumbani, chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, acha yapoe, na yasikae zaidi ya siku moja. Yarushe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 20 au 30, kwa nguvu ya kutosha kuondoa uchafu bila kuumiza nyama mpya. Spiriti na haidrojeni peroksaidi visiingie humo, kwa kuwa huua hata seli zinazojenga ngozi. Iodini ina nafasi yake, kwa muda mfupi, kwenye kidonda chenye maambukizi na kwa maelekezo ya anayekitibu. Si dawa ya kila siku.

Watu wengi huamini kwamba kidonda kinapaswa kuachwa wazi kikauke. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa vidonda vya juujuu vya nguruwe kwamba vile vilivyofunikwa na kubaki na unyevu viliota ngozi kwa kasi karibu mara mbili ya vile vilivyoachwa vikauke, na tangu hapo tiba ya vidonda imejengwa juu ya msingi huo. Unachotafuta ni unyevu bila kulowa. Kama kidonda kinatoa maji mengi, bandeji za povu au za mwani wa bahari hunyonya vizuri. Kama hazipatikani, gozi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi, ikakamuliwa, ikawekwa kwa ulegevu ndani ya shimo na kufunikwa na gozi kavu, hufaa ilimradi ibadilishwe kabla haijakauka. Neno la kuzingatia ni ulegevu: gozi iliyoshindiliwa ni mgandamizo mwingine kutoka ndani. Utando wa njano utaondolewa na mtaalamu, kwa kukatwa taratibu au kwa jeli au asali ya kitabibu inayoulainisha siku hadi siku. Usiukwangue wewe. Wala usifungue kapsuli za antibiotiki na kumwagia unga wake kidondani. Kila kidonda cha aina hii kina vijidudu juu yake na hiyo si sababu ya kutumia antibiotiki. Zinahitajika pale vijidudu vinapovamia mwili.

Dalili za uvamizi huo ni joto na uvimbe unaosambaa kuzunguka kidonda, usaha, harufu mbaya ambayo haikuwepo, maumivu yanayoongezeka, homa au kutetemeka. Kwa mtu wa umri wa mama, homa huenda isiwepo. Badala yake anachanganyikiwa, analala mno au anakataa kula. Ukiona lolote kati ya hayo, au ukiona au kugusa mfupa ndani ya kidonda, usisubiri miadi. Maambukizi yakiingia kwenye damu huenda kwa saa, si kwa siku.

Nyama mpya hujengwa kwa chakula, na mgonjwa mwenye kidonda huhitaji zaidi ya aliyelala tu. Miongozo ya kimataifa inapendekeza kilokalori 30 hadi 35 na gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90 za protini, wakati yai moja lina takriban gramu 6, na kwa hiyo uji mtupu hautafika huko hata akinywa mara tano. Mayai, maziwa, samaki, nyama na jamii ya kunde vigawanywe katika milo midogo mingi, vikiwa vimesagwa kama kumeza ni kugumu. Kama ana ugonjwa wa figo, kiwango cha protini kiamuliwe na daktari. Na kama ana ugonjwa wa figo au wa moyo, kiasi cha maji nacho kiamuliwe hivyo. Omba apimwe sukari na wingi wa damu, kwa sababu kisukari kisichodhibitiwa na upungufu wa damu huchelewesha kupona hata mkifanya mengine yote sawasawa. Vidonge vya vitamini na zinki sivipi uzito kwa mtu asiye na upungufu wake.

Umeuliza kuhusu haraka. Kidonda cha daraja la pili hufunga kwa wiki kadhaa; cha la tatu au la nne huchukua miezi, na vingine huhitaji upasuaji wa kuhamishia nyama. Pima urefu na upana kwa sentimita mara moja kwa wiki, mama akiwa amelazwa kwa namna ileile, na uandike. Utando utakapoondolewa kidonda kitaonekana kikubwa na chenye kina zaidi, na hilo halimaanishi kwamba kimeharibika. Baada ya hapo unatarajia nyama nyekundu yenye vipelevipele vidogo, na vipimo vinavyopungua. Ikipita wiki mbili bila badiliko lolote, rudi kwa aliyekitibu na karatasi zako zote mbili, ya vipimo na ya zamu za kugeuza, kwa sababu bila ya pili atakuwa anakisia.

Atakapoanza mazoezi na kukalishwa kitini, jambo ambalo lina manufaa makubwa kwake, msiruhusu kiti kifute kazi ya kitanda. Wakati kidonda bado kipo, akae kwa vipindi visivyozidi saa moja, mara tatu kwa siku, wakati wa milo, kwenye mto mnene wa kukalia, miguu ikiwa imekanyaga chini ili asiteleze mbele. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 asaidiwe kuegemea upande mmoja na kisha mwingine. Kovu litakalobaki halirudishi nguvu yote ya ngozi ya awali. Hufikia takriban asilimia 80 yake, tena baada ya miezi mingi, kwa hiyo ukaguzi wa kila siku na zamu za kumgeuza viendelee hadi aweze kujigeuza mwenyewe.